Mchungaji Anapokuwa Mwajiri: Tathmini ya Mafunzo ya Miezi Sita

Nimekuwa katibu mtendaji wa usharika mkubwa kwa miaka tisa, na kwa muda wote huo sikuwahi kukutana na kozi inayokiri tangu somo la kwanza kwamba kanisa lenye watumishi zaidi ya arobaini wa kuajiriwa ni mahali pa kazi, penye bidii na uvivu, wivu na ugomvi, barua za likizo na vyeti vya daktari, kama mahali pengine popote ambapo watu hulipwa mwisho wa mwezi. Mafunzo ninayoyatathmini hapa yanakiri hivyo bila kuomba radhi, na hiyo ndiyo sababu mchungaji kiongozi wetu na mimi tulijiandikisha. Tulisoma kwa majuma 24: masomo ya video, kipindi cha moja kwa moja kila Alhamisi jioni, kundi la washiriki 12 chini ya mlezi mmoja, na majuma mawili ya kukaa pamoja bwenini, moja mwanzoni na jingine karibu na mwisho. Jina la taasisi inayoyatoa nimeamua kulihifadhi, kwa kuwa sehemu ya nitakayosema si ya kuwasifu, na pia kwa sababu kozi za aina hii zinafanana kiasi kwamba msomaji anaweza kuvitumia vipimo vyangu kwa yoyote atakayoletewa.

Walengwa ni makanisa yanayokusanya watu 2,000 au zaidi kwa juma, kiwango ambacho watafiti wengi wa mambo ya makanisa hukitumia kutenga makanisa makubwa sana na mengine. Mwanzoni niliuona mpaka huo kuwa wa majivuno tu, lakini somo la pili lilinirudisha nyuma. Mwanasayansi Robin Dunbar alikadiria mwaka 1992 kwamba binadamu mmoja anaweza kudumisha ujirani wa kweli na watu wapatao 150. Mchungaji wa watu 150 anajua nani kafiwa, nani kagombana na mkwewe, na mtoto wa nani hajaonekana Jumapili tatu mfululizo. Mchungaji wa watu 4,000 hajui wala hawezi kujua, na kazi yake imekwisha kubadilika bila mtu yeyote kumwambia: hachungi tena washarika kwa mkono wake, anawachunga watu wanaowachunga washarika. Aking'ang'ania kazi ile ya zamani, washarika hupata mchungaji aliyechoka na watumishi hukosa kiongozi kabisa. Nimeiona hali hiyo kwa macho yangu kwa miaka kadhaa, ofisi ya pili kutoka kwangu, na sikuwa na maneno ya kuieleza.

Sehemu iliyonilipa ada yote ni ile ya juma la kwanza la bweni, kuhusu watu wangapi wawe chini ya kiongozi mmoja. Wakufunzi walianza na Yethro, jambo ambalo kila kozi ya uongozi wa kanisa hulifanya, nami nilikwisha kufunga daftari. Ila hawa hawakuishia kwenye mahubiri, walipiga hesabu. Ukichukua wanaume 600,000 wanaotajwa katika Kutoka 12, ukawagawa kama Yethro, baba mkwe wa Musa, alivyoshauri katika sura ya 18, unapata wakuu 600 wa maelfu, 6,000 wa mamia, 12,000 wa hamsini hamsini na 60,000 wa makumi, jumla viongozi 78,600. Yethro hakumwambia Musa apumzike kidogo. Alimwambia aunde uongozi wa watu zaidi ya elfu sabini, awachague kwa sifa zilizotajwa, kisha abaki na yale magumu peke yake. Baada ya hapo wakatuonyesha hesabu ya mshauri wa menejimenti V. A. Graicunas ya mwaka 1933, iliyojaribu kuhesabu mahusiano yote yanayoweza kumgusa kiongozi: kati yake na kila mtu, kati yake na kila kikundi, na kati ya wao kwa wao. Kiongozi wa watu 5 ana mahusiano 100 ya kuyaangalia. Akiongeza mtu mmoja tu, yanakuwa 222. Fomula hiyo ni ya kinadharia mno, kwa maana hakuna mtu anayeyafuatilia mahusiano hayo yote, lakini inaonyesha vizuri kwa nini mtumishi mmoja zaidi huongeza uzito kuliko alivyotarajiwa.

Kisha ikaja kazi ya mikono. Kila kanisa lilipewa karatasi kubwa ya ukutani, kadi ndogo zenye vyeo vya watumishi wake, pini na uzi mwekundu, na agizo lilikuwa hili: msichore mpangilio ulio kwenye katiba yenu, choreni nani humwendea nani anapokwama. Mchungaji wetu alibandika kadi yake katikati, nami nikaanza kufunga nyuzi. Mchungaji wa vijana, moja kwa moja kwake. Mwalimu wa kwaya, kwake. Mhasibu, kwangu kwenye katiba, kwake kwa uhalisia. Fundi mitambo, kwake. Hata mlinzi wa usiku, kwa sababu miaka mingi iliyopita mchungaji alimwambia ampigie simu yeye mwenyewe funguo za ukumbi zikipotea, na agizo hilo halikufutwa kamwe. Tulipomaliza zilikuwa nyuzi 17, na kadi yake haikuonekana tena chini ya mafundo. Ukiziweka nyuzi 17 katika fomula ya Graicunas inatoka zaidi ya milioni moja na laki moja. Mchungaji alitazama karatasi ile kwa muda, akasema taratibu, "Katibu, kumbe ndiyo maana sijibu barua." Sikumbuki kingine chochote alichosema siku ile.

Tuliporudi tulizikata nyuzi hadi zikabaki sita, na haikuwa rahisi hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alitafsiri kuhamishiwa kwake chini ya mchungaji wa ibada kama kushushwa cheo, akakaa kimya vikaoni kwa mwezi mzima. Hapo mafunzo yalikuwa yametutahadharisha vilivyo: katika kanisa, ukaribu na mchungaji kiongozi ndio mshahara ambao hauandikwi kwenye mkataba, na mtu anapopunguziwa ukaribu huo huona amekatwa malipo. Sentensi hiyo niliiandika ndani ya jalada la daftari langu, na nadhani ndiyo iliyotuokoa tusimwone mtu yule kuwa mkaidi.

Somo la mazungumzo magumu nalo lilikuwa zuri, na pia lilichekesha. Kulikuwa na igizo ambamo mshiriki mmoja ni kiongozi na mwenzake ni mtumishi mwenye kasoro. Mchungaji mmoja wa makamo, msemaji hodari wa kanisa lenye ibada tano kila Jumapili, alipewa jukumu la kumwambia mchungaji wa vijana kwamba hesabu za kambi zimechelewa kwa majuma sita. Alianza kwa sala. Akamsifu kijana kwa upako wake, akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mzembe ujanani, akasema, "Kijana wangu, Bwana ana mpango mkubwa na wewe, ila uaminifu huanza katika madogo," akafunga kwa sala nyingine ndefu kuliko ya kwanza. Aliyekuwa anaigiza kijana akainuka, akampa mkono, akauliza kwa adabu, "Asante sana, Mchungaji. Je, nimepandishwa cheo?" Ukumbi ulivunjika mbavu. Mlezi hakucheka. Alimtaka arudie bila sala wala mfano, aseme tu: hesabu zimechelewa kwa majuma sita, mhasibu amekuomba mara tatu, nazihitaji Ijumaa, kuna nini? Yule mchungaji alishindwa mara tatu. Mara ya nne aliweza, akiwa anatokwa jasho, na baadaye akatuambia kwamba kwa miaka ishirini hakuwahi kumwambia mtumishi jambo la kazi bila kulifunika kwa maneno ya kiroho, na kwamba watumishi wake labda ndiyo maana humwendea katibu wake kuuliza mchungaji alimaanisha nini.

Siipingi sala, na kozi haikuipinga. Walichofundisha ni kwamba sala inayotumika kama zulia la kufunika jambo humdanganya mtumishi, kwa kuwa huondoka akiwa na amani ambayo haina msingi, kisha barua ya onyo humfikia kama radi. Mtumishi anayeambiwa wazi mapema ana nafasi ya kujirekebisha. Kwa upande wetu, tangu wakati huo, kila msimamizi ana kikao cha nusu saa na kila aliye chini yake mara moja kila majuma mawili, na maswali matatu tu yamewekwa mezani: umefanya nini, umekwama wapi, unahitaji nini kwangu. Katika miezi minne ya kwanza tuligundua kwamba fundi mitambo alikuwa akinunua nyaya kwa fedha zake kwa sababu fomu ya maombi ya fedha ilihitaji sahihi tatu.

Mifano ya historia ilitumika vizuri, kwa sehemu. Nilipenda namna walivyomweleza John Wesley na tukio la Bristol mwaka 1742: jengo lilikuwa na deni, pendekezo likatolewa kila mwanachama atoe peni moja kwa juma, na mmoja akusanye kutoka kwa wenzake kumi na mmoja. Wakusanyaji walipokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba walianza kuona nani mgonjwa, nani kalewa, nani kaacha kusali, na mpango wa kulipa deni ukageuka kuwa utaratibu wa uchungaji uliolibeba vuguvugu la Wamethodisti kwa miongo mingi. Somo lililotolewa ni kwamba watumishi wa kulipwa si jibu la kila pengo. Mara nyingi kazi yao ni kuwalea watumishi wa kujitolea, na kanisa linaloajiri mtu kwa kila kazi huwafukuza waumini wake kwenye viti vya watazamaji. Walimtaja pia Charles Spurgeon, ambaye jengo lake la Metropolitan Tabernacle jijini London, lililofunguliwa mwaka 1861, liliingiza zaidi ya watu 5,000, na ambaye kufikia mwaka 1868 alikuwa amemchukua mdogo wake James kuwa mchungaji mwenza kwa sababu mzigo ulikwisha kumlemea. Mhubiri mkubwa hakuwa msimamizi wa kila kitu, na aliona hivyo akiwa bado na umri wa miaka 33.

Nilipokwazika ni kwa mfano wa Yoido, kanisa la Seoul lililoanzishwa mwaka 1958 na David Yonggi Cho, ambaye aliishiwa nguvu akaanguka mwaka 1964 na kisha akakabidhi uongozi wa vikundi vya nyumbani kwa wanawake, baada ya wanaume kusitasita. Ni kisa chenye mafundisho kuhusu kugawa madaraka, na kilielezwa kwa ufasaha. Lakini kilisimuliwa nusu. Mwaka 2014 mahakama ya Korea Kusini ilimtia Cho hatiani kwa kulisababishia kanisa hasara katika ununuzi wa hisa, akapewa kifungo kilichoahirishwa. Mtu anayefundisha uongozi wa makanisa makubwa hana ruhusa ya kuacha nusu hiyo, kwa sababu ndiyo yenye swali ambalo wazee wa kanisa hulikwepa: mchungaji aliyekigawa kila kitu chini yake, ni nani aliyemsimamia yeye? Mwaka huohuo kanisa la Mars Hill la Seattle, lililoanzishwa mwaka 1996 na kuenea katika matawi kadhaa, lilimpoteza mchungaji wake Mark Driscoll, aliyejiuzulu Oktoba baada ya malalamiko kuhusu jinsi alivyowatendea waliofanya kazi naye, na kabla mwezi huo haujaisha viongozi walitangaza kwamba matawi yatasambaratishwa yawe makanisa yanayojitegemea au yafungwe. Kanisa lililokua kwa miaka 18 lilivunjwa kwa majuma machache. Katika majuma yote 24 tukio hilo lilitajwa mara moja, pembeni, na mshiriki wala si mkufunzi.

Nalisisitiza hili kwa sababu linagusa pengo kubwa zaidi la mafunzo haya. Kozi nzima imejengwa juu ya kiongozi anayesimamia. Karibu hakuna kinachosema juu ya kiongozi anayesimamiwa. Somo la baraza la wazee lina dakika 40, na nyingi kati ya hizo zinahusu namna ya kuandaa ajenda. Hakuna palipoelezwa mtumishi wa ngazi ya chini afanye nini endapo malalamiko yake yanamhusu mchungaji kiongozi mwenyewe, ilhali katika kanisa kubwa mtu huyo ndiye mhubiri, mwajiri, mpatanishi na mwenye neno la mwisho. Katika usharika wetu tuliziba pengo hilo wenyewe, kwa kuwateua wazee wawili ambao hawamo kwenye kamati ya utumishi, mmoja wao mwanamke, ambao mtumishi yeyote anaweza kuwaendea bila kupitia kwangu wala kwa mchungaji. Mchungaji alikubali, lakini ilichukua vikao vitatu.

Pengo la pili linafanana na hilo, nalo ndilo lililonipeleka kwenye mafunzo haya tangu mwanzo. Mtumishi wa kampuni akiachishwa kazi, hupoteza kazi. Mtumishi wa kanisa akiachishwa kazi, hupoteza kazi, mchungaji wake, kikundi chake cha sala, marafiki wa watoto wake na mahali atakapozikiwa, vyote kwa barua moja. Mwaka mmoja kabla ya kujiunga tulimwondoa mwalimu mmoja wa kwaya baada ya maonyo yaliyoandikwa sawasawa na vikao vilivyofanywa kwa haki. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani na mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya Jumapili, wakaketi safu ya tatu, mahali pao pa siku zote. Wakati wa ushirika mtakatifu alipita mbele yangu. Mimi ndiye niliyesaini barua yake, na siku ile nilikuwa nimeshika sahani ya mkate. Alinitazama, akachukua kipande, akasema amina. Nilibeba swali hilo hadi kwenye kipindi cha Alhamisi cha juma la 13: ni nani anapaswa kuwa mchungaji wa mtu tuliyemwachisha kazi, na kwa namna gani, na kwa muda gani? Nilijibiwa kwamba tumwonyeshe upendo, kisha tukahamia slaidi inayofuata.

Kuna majibu bora kuliko hayo, na baadhi nimeyapata kwa washiriki wenzangu nje ya vipindi. Kanisa moja humpatia kila mtumishi, siku anapoajiriwa, mchungaji wa nje ambaye si mwajiri wake, na uhusiano huo hauishi mkataba unapoisha. Lingine lina kanuni kwamba aliyetia sahihi barua ya kuachisha kazi hatahudumu ushirika mtakatifu kwa mwezi mmoja, si kwa kuwa ana hatia, bali ili aliyeondoka asilazimike kupokea mkate kutoka mkono uleule. Mambo haya ni madogo na ya kivitendo, na ndiyo niliyoyatarajia kwa watu wanaojiita wabobezi. Nimewaandikia kuyapendekeza.

Kuhusu ujira wamesimama imara, na ninawapongeza. Waliuita kwa jina lake ule utamaduni wa kutumia neno wito kama sababu ya kumlipa mtu kidogo, kumwita Jumatatu ambayo ndiyo siku yake ya mapumziko, na kumhesabu mwenye imani haba akiuliza saa za ziada. Mkufunzi wa kipindi hicho, mhasibu kwa taaluma, aliwasomea wachungaji 1 Timotheo 5:18, ambapo Paulo analeta habari ya ng'ombe apuraye nafaka na ya mtenda kazi kustahili ujira wake, kisha akawataka wahesabu saa ambazo mchungaji msaidizi wao alifanya kazi juma lililopita. Wengi hawakujua. Mmoja alihesabu 71 na akaendelea kuitazama kalamu yake. Mkufunzi alisisitiza pia jambo ambalo huonekana dogo: kwa mtumishi wa kanisa Jumapili ni siku ya kazi, hivyo ni lazima awe na siku nyingine na ibada nyingine ambamo hatashika kipaza sauti, sahani ya sadaka wala funguo.

Somo la uajiri lilikuwa la kawaida. Walitumia Matendo 6, uteuzi wa wale saba baada ya wajane wa Kiyunani kulalamika kwamba wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na wakachambua sifa zilizotajwa. Hawakugusa jambo ambalo kwangu ndilo la kushangaza, kwamba majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani; yaani kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika. Katika kanisa kubwa lenye ibada za lugha tofauti ningetarajia jambo hilo lichukue nusu ya somo.

Somo la sheria halifai. Lilijengwa juu ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2012 katika shauri la Hosanna-Tabor, iliyosema kwamba sheria za nchi hiyo dhidi ya ubaguzi kazini haziwezi kutumika kumpa mhudumu wa dini haki ya kulishtaki kanisa lake kwa kumwondoa. Ni hukumu muhimu kwa wanaoishi chini yake. Kwa wengine wote ni hatari, kwa kuwa baadhi ya wachungaji katika kundi letu walitoka wakiamini kwamba kanisa popote lilipo liko juu ya sheria ya ajira. Mhasibu, mlinzi na karani si wahudumu wa madhabahu, na hata huko Marekani hukumu ile ilimhusu mtu ambaye kazi yake ilihesabiwa kuwa ya uhudumu. Anayesoma kozi hii amtafute mwanasheria wa nchi yake kabla ya kutumia neno lolote la somo hilo.

Fomu zinazoambatana na masomo ziko 31, nasi tunatumia 9. Fomu ya majukumu ya kazi ni bora: ukurasa mmoja, vitenzi vilivyo wazi, na mstari wa mwisho unaouliza ni uamuzi upi mtumishi anaweza kuufanya bila kumwuliza mtu. Fomu ya tathmini ya mwaka tumeitupa. Ina kipengele cha kukua kiroho, ambacho msimamizi anatakiwa kukipa alama kati ya 1 na 5, na mimi sijui mtu anayeweza kuyapima maombi ya mwenzake kwa kiwango cha tatu na nusu. Isitoshe, mtumishi anayejua kwamba nyongeza ya mshahara inategemea alama hiyo atajifunza haraka kusali kwa sauti karibu na mlango wa bosi. Tulikiuliza kipengele hicho mara mbili na mara zote mbili tuliambiwa makanisa mengine yanakipenda.

Upande wa huduma, video zinapatikana bila kukatikakatika na vitabu vya mazoezi vilifika kwa wakati, ila marejesho ya kazi tulizowasilisha yalichelewa mno. Kazi ya juma la 8 ilirudi juma la 14, ikiwa na alama ya tiki na maneno "vizuri sana". Kwa ada ile nilitegemea msomaji aliyeisoma.

Jambo lililoniudhi zaidi lilitokea juma la 9. Mlezi wa kundi letu, yule aliyemfanya mchungaji hodari arudie igizo mara nne, hakuonekana Alhamisi. Badala yake alikuja mtu tusiyemfahamu, akajitambulisha, akaendelea na somo. Siku mbili baadaye tulipata ujumbe wa mistari miwili kwamba mlezi wetu hayuko tena na taasisi, kwamba wanamtakia heri, na kwamba masomo yanaendelea kama kawaida. Tulipouliza kama tunaweza kumuaga, hatukujibiwa. Kumi na mbili sisi tulikuwa tumemweleza mtu yule mambo ya makanisa yetu ambayo wazee wetu hawakuyajua, na akatoweka kama aliyefutwa ubaoni. Mlezi mpya alikuwa na elimu nzuri lakini alilipokea kundi lililokwisha kufunga midomo, na vipindi vya majuma matano yaliyofuata vilikuwa vya kuhudhuria tu.

Ningemshauri mtu ajiandikishe? Katibu au mchungaji kiongozi wa kanisa lililovuka watumishi kumi na watano wa kuajiriwa, ndiyo, na wahudhurie wote wawili, kwa sababu anayekwenda peke yake atarudi na uzi mwekundu ambao mwenzake hataki kuuona ukutani. Kwa usharika mdogo wenye mchungaji, karani na mlinzi, fedha hizo zina matumizi mengine. Mwenye kutaka majibu kuhusu uwajibikaji wa mchungaji mwenyewe atafute kwingine au ajiandae kuyatunga na wazee wake.

Juma la 17 lilikuwa na somo juu ya kuagana na mtumishi anayeondoka, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na ni somo zuri kweli: waliobaki waambiwe mapema, kwa sauti ya mtu aliyefanya uamuzi, wapewe nafasi ya kuaga, na wasiachiwe uvumi ujaze pengo. Linakuja na fomu ya ukurasa mmoja yenye maswali sita ambayo kiongozi huyajibu kabla hajatangaza chochote. Nilipoandika tathmini yangu ya mwisho kwa taasisi niliiambatisha fomu hiyo ikiwa tupu, nikajaza jina la mlezi wetu wa zamani kwenye nafasi ya juu, nikaomba wanijazie yaliyobaki. Umepita mwezi wa pili sasa, na bado haijarudi.